Ng'ombe Asiye na Nundu

Msimu wa pamba ulipoingia, Shinyanga yetu ilikuwa kama inaelea. Kinu cha kuchambulia pamba kilikuwa upande wa reli, na upepo wa alasiri ulipovuma kutoka huko ulikuja na nyuzi nyeupe nyepesi zikitua juu ya mabati, juu ya nywele za watu, mpaka ndani ya chai. Nilikuwa bi harusi mgeni, nimetoka Tabora, nimeolewa na fundi cherehani. Kazi yangu kubwa mchana ilikuwa kukaa kibarazani kwake nikishona vifungo na kuziangalia zile nyuzi hadi macho yalegee. Ndani ya ule usingizi wa macho wazi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ndipo vilipotufikia vile vitabu.

Aliyevileta alikuwa karani wa kinuni, mtu wa Bukoba, kapera, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za Jumapili. Cha kwanza alikinunua kwenye stesheni ya Tabora akisubiri treni, na alikuja nacho kibarazani kwa sababu suruali yake ilikuwa kwa mume wangu inapunguzwa kiuno. Kilikuwa kitabu chembamba, karatasi zake zinanuka mafuta ya taa, na kwenye jalada amesimama ng'ombe wa manjano mbele ya mlango wa jiwe. Juu yake kumeandikwa Malisho ya Chini. Karani alisoma kurasa mbili kwa sauti, akitutazama mmoja mmoja kama anatuhesabia magunia, nami nikamnyang'anya. Sikuweza kuvumilia hadithi nzuri isomwe kama hati ya kupokea mzigo.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kijana mchungaji anapoteza ndama, anafuata nyayo zake hadi kwenye nyufa za mawe makubwa, anaingia, na huko chini ya ardhi anakuta nchi nzima. Kuna nyasi zisizokauka, mwanga usio na jua, na mfalme asiye na kivuli anayefuga ng'ombe wa dhahabu. Dhahabu tunayoichimba huku juu, kitabu kinasema, ni kwato zao zilizomeguka wakipita. Basi kijana anataka ndama wake, mfalme hataki kumtoa, na binti mfalme yuko katikati. Vitabu vilikuwa vitano, na kila kimoja kilitufikia kwa kudra za Mungu na safari za Karani.

Niliposoma cha kwanza, mji wote ulibadilika. Nikipita karibu na yale majabali ya nje ya mji nilisimama kuangalia nyufa zake. Nikisikia treni ya Mwanza ikitetema chini ya miguu nilijiambia hao ndio ng'ombe wa mfalme wanarudi zizini. Mume wangu alinicheka. Lakini hata yeye alikuwa na lake: alitaka kujua binti mfalme anavaa nini. "Huko chini pamba hailimwi," alisema, mguu ukikanyaga cherehani bila kusimama. "Hizo nguo kashona nani, na nyuzi katoa wapi?" Alilirudia swali hilo mwaka mzima, na hakuna kitabu kilichomjibu.

Wasikilizaji wetu wengine walikuwa wawili. Mmoja ni jirani yetu, tuliyemwita Mama Mapacha kwa wale wanawe wawili waliokuwa wakikimbia uchi mtaani. Alikuwa Msukuma, mwanamke wa kucheka kwa kifua, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wengi. Mwingine ni mama yake, Bibi wa kaniki na ugoro, aliyetoka kijijini upande wa Mwakitolyo. Kiswahili hakukijua zaidi ya salamu. Nikimwamkia "shikamoo" alijibu "marahaba", kisha akaongeza "wabeja", asante kwa kwao, na hapo mazungumzo yetu yalikuwa yamekwisha. Alikaa kwenye mkeka na ungo wake wa karanga, akibangua.

Kwa ajili yake tulijiwekea utaratibu. Mimi nasoma aya moja, nanyamaza. Mama Mapacha anaigeuza kwa Kisukuma. Halafu naendelea. Mwanzoni uliniudhi, maana hasira zangu ziko karibu na sipendi kukatizwa nikiwa nimeshika kasi. Lakini baada ya siku chache nilianza kuungoja ule mkatiko. Sauti yangu ilikuwa inaishia mahali, na sauti yake inaanzia hapo hapo, nzito na ya polepole, katika lugha nisiyoielewa, na hadithi ninayoijua ilikuwa inapita mbele yangu mara ya pili ikiwa imevaa nguo nyingine. Nilifumba macho nikaisikiliza tu kama maji. Nilikuwa na furaha sana siku zile, nasema wazi.

Tulibishana, wacha kabisa. Karani alishika kwamba mfalme asiye na kivuli si mbaya, ni mpweke. Mimi nilishika kwamba ni mbaya na upweke wake kajitakia. Tulinuniana juma zima kwa hilo, nikamtengenezea chai bila sukari, akainywa bila kulalamika. Kwake yeye neno la mwandishi lilikuwa kama sheria ya serikali. Ukisema "labda binti mfalme alimpenda tangu mwanzo", Karani anainua kidole: "Imeandikwa wapi? Nionyeshe ukurasa."

Cha tatu ndicho kilichotuvunja. Mwishoni mwake mchungaji anafika mlangoni na ndama wake, bado hatua chache atokee huku juu, na mlango wa jiwe unamfungia. Anakufa palepale. Binti mfalme anamfunika kwa kitambaa na yule ng'ombe mkubwa wa dhahabu anasimama juu yake akimlilia. Nilisoma kwa shida. Karani alivua miwani akaifuta na shati, yeye ambaye shati lake haligusiki. Mume wangu alikanyaga cherehani bila kitambaa ndani, sindano ikichoma hewa. Kisha Mama Mapacha akageuza kwa Kisukuma, maneno mengi kidogo kuliko kawaida, na Bibi akacheka.

Alicheka kweli, cheko la mtu aliyepata habari njema. Akapiga makofi mawili, akachota ugoro wake, akapiga chafya ya raha. Nilichukia. Nilijiambia kizee hiki kina moyo gani, na siku ile nilikunja mkeka kabla ya wakati.

Vitabu viwili vilivyobaki vilikuwa vya msiba na kisasi: binti mfalme anamwomboleza mchungaji, kisha anamgeukia baba yake. Sisi tulisikiliza kwa vichwa vya chini. Bibi alisikiliza akitabasamu, akiuliza maswali, na Mama Mapacha alimjibu bila kunitazama. Nikaona pia kwamba yeye, aliyekuwa mbishi kuliko sote, alikuwa ameacha kubishana. Karani akimwuliza, "Mama Mapacha, wewe wasemaje, mfalme atasamehewa?" alijibu, "Mimi sijui, Karani," akawaita wanawe hata kama hawakufanya kosa.

Kisukuma huingia mwilini mwa mtu bila ruhusa ukikaa Shinyanga. Nilikiokota sokoni, nikakiokota bombani, kwenye foleni ya ndoo. Alasiri moja nilisoma kwamba binti mfalme amekaa karibu na kaburi siku nyingi bila kula, nikanyamaza, nikafumba macho kama kawaida yangu. Na nikasikia, waziwazi kabisa, Mama Mapacha akisema kwamba kijana ameamka mapema, anakamua ng'ombe, na maziwa yanafurika kibuyu.

Nilifumbua macho. Nyuzi za pamba zilikuwa zinashuka kati yetu polepole. Nilimtazama mume wangu, aliyezaliwa mji huu na Kisukuma amekinyonya, naye akainamisha kichwa kwenye pindo la gauni.

"Ulijua?" nilimbana tulipobaki wawili.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu cha tatu."

"Na ukaninyamazia, mimi mkeo!"

Alikata uzi kwa meno. "Ya kwake ilikuwa nzuri zaidi," alisema. "Kule kwako amekufa, kule kwake anafuga. Nikawa nasikiliza zote mbili."

Nilimsusia hadi kesho yake. Kisha nikaenda bombani nikijua nitamkuta Mama Mapacha, na nilikuwa nimejiandaa kusema maneno makali. Hakunipa nafasi. Alinitazama usoni akajua. Aliweka ndoo chini.

"Bi harusi," alisema, maana hata baada ya miaka aliniita hivyo, "mimi nina mdogo wangu. Kitinda mimba wa mama. Alikwenda kuchimba dhahabu huko mbele ya Kahama, upande wa Geita, kabla hujaletwa hapa. Hakurudi. Waliorudi walisema duara moja lilititia, lile shimo lao wanaloteremkia, na watu walikuwemo. Nani na nani, hawakujua. Mimi najua. Mama hajui, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno ambalo hakuliona kwa macho. Sasa wewe siku ile unasoma mlango umejifunga, kijana kafa. Nikamtazama mama. Mkono umesimama hewani na karanga. Ningesema nini?"

Hasira yangu yote iliniishia. Nilimwuliza kwa nini basi asimrudishe kijana nyumbani kwenye hadithi, aimalize kwa heri.

"Akirudi," alisema, "mama ataniuliza, na wa kwetu? Akifa, ataniuliza vilevile. Kwa hiyo anachunga tu. Anachunga, anachunga, mimi nimechoka naye."

Nilimsaidia kujitwika ndoo. Tangu siku hiyo nilisoma kwa unyenyekevu mkubwa zaidi, nikijua kwamba kila nikinyamaza kuna mtu anayeshikilia uhai wa mwingine kwa mdomo wake. Karani peke yake ndiye aliyekuwa hajui lolote. Tulikimaliza cha tano, kikawa cha mwisho, na Bibi akaambiwa vitabu vingine viko njiani.

Halafu ikaja sinema.

Gari lilipita mitaani asubuhi likitangaza kwa spika: Malisho ya Chini imetengenezwa picha, itaonyeshwa bure uwanjani Ibadakuli, jua likizama, wote mnakaribishwa. Karani alikuja mbio kutoka kinuni na pamba nyusini. Sijapata kumwona mtu mzima akiruka vile. Alitaka kujua wamemfanyaje mfalme asiwe na kivuli, maana kitu chochote chenye taa kina kivuli. Mume wangu alisema sasa hatimaye ataziona nguo. Mimi na Mama Mapacha tulitazamana. Tuliafikiana kwa macho kwamba Bibi abaki nyumbani, tumwambie ni mkutano wa siasa.

Tulipomfuata tukamkuta amekwishaoga. Amejipaka mafuta, amefunga kaniki mpya, ameketi kizingitini na fimbo yake. Wale mapacha walikuwa wamemweleza kila kitu kwa Kisukuma. "Ninakwenda kumwona sura," alimwambia bintiye.

Uwanja ulijaa. Watu walikuwa wamekuja kutoka vijijini kwa baiskeli na kwa miguu, akina mama na watoto migongoni, wazee na viti vyao vya kukunja. Shuka kubwa jeupe lilikuwa limetundikwa kati ya nguzo mbili, linavutwa na upepo, linajaa na kupwaya. Kwanza wakatuonyesha namna ya kuchemsha maji ya kunywa. Kisha yule bwana wa gari akachukua kipaza sauti, akasema picha inazungumza Kiswahili na anaona wenyeji wengi, je, kuna anayeijua hadithi vizuri na Kisukuma anakiweza, aje awafasirie wenziwe?

"Yupo!" Karani alipiga kelele kwa fahari, mkono juu. "Huyu hapa! Kafasiri vitabu vyote vitano, hana mfano!"

Nilimfinya ubavu lakini ilikuwa kazi bure. Watu walimjua Mama Mapacha, wakampigia vigelegele, wakamsukuma mbele mkono kwa mkono, hata akajikuta kando ya gari na kile kipaza sauti kimeshindiliwa mkononi mwake. Bibi alikaa mbele kabisa ili amsikie vizuri bintiye.

Picha ikaanza, na nikasahau hofu kwa muda. Haikuwa na rangi. Nyasi za chini zilikuwa za kijivu, mawe ya kijivu, ukungu ukatembea juu ya mto, na sauti ya Mama Mapacha ilitoka kwenye spika ikaenea juu ya vichwa vyetu kubwa kuliko yeye mwenyewe. Nilidhani niko kibarazani, na tena niko chini ya ardhi. Mfalme alikuwa na kivuli, tena viwili, na Karani alisaga meno. Gauni la binti mfalme lilikuwa limetiwa marinda mabegani. "Hiyo ni satini ya dukani," alinong'ona mume wangu, ameumia moyoni. Mchungaji, ambaye kitabuni ni kijana mbichi, alikuwa baba mtu mzima mwenye ndevu na kitambi kidogo.

Akatokea ng'ombe wa dhahabu. Uwanja ulipiga kelele, halafu ukanyamaza, halafu cheko lilianzia nyuma likaja mbele. Walikuwa wameleta ng'ombe wa maziwa wa kizungu, mnene, mabaka mgongoni, kiwele kinaburuzika. Hana nundu. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama benchi.

"Nundu iko wapi?" mzee mmoja aliuliza kwa Kisukuma, kwa dhati, na watu wakaanguka kwa kucheka. "Wameikata wakaila!" akajibiwa. Mahali ambapo watu hutambua ng'ombe kwa rangi na umbo la pembe, huyu alikuwa matusi. Bibi peke yake hakucheka. Aliegemeza kidevu kwenye fimbo akamkagua yule mnyama kwa muda mrefu.

Tukafika mlangoni. Niliuona unakuja, mlango wa boksi lililopakwa rangi, na mchungaji na ndama wake wakikimbia. Mama Mapacha alikuwa anafasiri kila hatua. Mlango ukajifunga. Mchungaji akaanguka. Binti mfalme akaleta kitambaa, akamfunika kuanzia miguu, taratibu, mpaka kikafika usoni.

Spika ikawa kimya. Nilisikia genereta ikinguruma na shuka likipigwa na upepo. Watu wakaanza kuita, "Kafanyaje? Sema!" Picha ilikuwa inaonyesha maiti iliyofunikwa, kubwa kuliko nyumba, mbele ya uwanja mzima, na hakuna mdomo ungeweza kusema huyu anakamua ng'ombe. Nilimwona Mama Mapacha katika mwanga wa pembeni. Alikuwa hatazami shuka. Alikuwa anamtazama mama yake.

Akasema. Kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mtu mmoja: kijana amekufa. Jiwe lilimwangukia, amekufa, hatarudi.

Mwanamke mmoja akapiga ukemi wa msiba. Mwingine akaupokea, na mwingine upande wa pili, maana katika uwanja ule walikuwamo wengi wenye mtu aliyekwenda kwenye machimbo na kupotelea huko. Kilio kikafunika spika. Machozi yalinitoka nikayaacha. Nikamtazama Bibi. Alikuwa amekaa kimya, mikono juu ya fimbo, akitikisa kichwa kwa huruma.

Tulirudi mjini tumejipanga njiani, Bibi mbele. Yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Maskini mama wa yule," alisema. "Tungejua kwao, tungekwenda kumpa pole."

"Mama wa nani, mayu?" Mama Mapacha alimwuliza mama yake.

"Wa yule aliyekufa kwenye shuka. Baba mzima na ndevu zake, anachunga ng'ombe hana nundu. Sijui ni watu wa wapi wale." Alitembea kidogo. "Wetu hana ndevu. Na ng'ombe wetu ana nundu, ulinieleza mwenyewe. Kesho mtaendelea? Tulimwacha anavusha ndama mtoni."

Mama Mapacha alisimama katikati ya njia. Alinishika mkono kwa nguvu. "Nimesema, bi harusi. Umesikia kwamba nimesema?"

"Nimesikia," nilimwambia. "Ibadakuli yote imesikia."

"Basi. Na vitabu vimekwisha. Mimi sina pa kumpeleka tena yule mtoto." Alikuwa analia huku anatembea, na mama yake mbele yetu alikuwa anaendelea kumsema yule ng'ombe.

Karani aliniuliza kuna nini, nikamweleza yote hadi tukafika kwenye taa za stesheni. Alikasirika kwanza. "Lakini imeandikwa amekufa!" alisema. "Mwandishi kaandika amekufa!" Kisha alituaga bila kupeana mikono, na kwa siku kadhaa hakuonekana kibarazani. Bibi alikuja kila alasiri na ungo wake, akakaa, akangoja. Ilikuwa tabu kumtazama.

Kisha Karani akaja. Shati limenyooka, uso wa kazini. Alinikabidhi kitu kilichofungwa kwa gazeti, akasema kwa sauti ya kutangaza: "Cha sita kimefika."

Nilikifungua. Kilikuwa kijitabu cha kinuni cha kuwaelekeza wakulima kupulizia dawa ya funza wa pamba. Nilitaka kucheka, lakini Karani alinitazama kwa macho makali, huyu huyu wa "nionyeshe ukurasa". Nikakohoa. Nikasoma, kwa ile sauti yangu niliyokuwa nikimwekea binti mfalme: "Mkulima anashauriwa kung'oa mabua yote ya pamba na kuyachoma moto kabla ya msimu mpya." Nikanyamaza.

Mama Mapacha alibaki mdomo wazi. Akamtazama Karani, akanitazama mimi, na lile cheko lake la kifua likamtoka, cheko nililokuwa sijalisikia tangu cha tatu. Kisha akamgeukia mama yake, akamvusha yule ndama mto.

Tukasoma funza wa pamba alasiri nyingi. Mchungaji akaoa binti mfalme. Mume wangu akatoboa siri kwamba nguo zao zilifumwa kwa manyoya ya ndama, Mama Mapacha akaipokea. Karani ndiye aliyeharibika kuliko wote: kila siku alikuwa na jipya, mfalme amesamehewa, mfalme ameota kivuli, na hakuna aliyemwuliza ukurasa. Mimi ukurasani nilipiga bomba la dawa, nikaichanganya na maji, nikajikinga na upepo, nikasikiliza ile nchi ya chini ikipanuka kwa Kisukuma ambacho sasa nilikielewa.

Siku moja Bibi aliinua mkono tukiwa katikati. Aliweka ungo chini.

"Ng'ombe anao?" aliuliza.

"Anao, mayu," bintiye alimjibu. "Zizi limejaa."

"Na mke anampikia?"

"Anampikia."

Bibi alifikiri. Nyuzi za pamba zilikuwa zinatua kwenye kaniki yake, naye hakuzipangusa. "Basi mwambieni akae hukohuko," alisema. "Asisumbuke na njia, ni ndefu. Mwambieni mama yake hana kinyongo naye."

Mama Mapacha alijaribu kumgeuzia Karani kwa Kiswahili, akafika nusu, akajiziba mdomo kwa khanga. Cherehani ya mume wangu ilisimama. Bibi hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi.

"Wewe ndiye mwenye kitabu," aliniambia. "Amesikia?"

Nilitazama ukurasa. Palikuwa na picha ya funza juu ya tumba la pamba. Nilipitisha kidole juu ya mistari, polepole, kama ninayetafuta, nikageuza jani, nikapitisha tena. Kisha nikamjibu kwa Kisukuma changu kibovu, mara yangu ya kwanza kusema naye kwa lugha yake.

"Amesikia, mayu. Anasema wabeja."

Bibi aliitikia kwa kichwa, akavuta ungo wake, akaendelea na karanga.